Shajara ya mradi: joto la giaboksi otomatiki ya lori la dizeli likivuta tela

Hali ya gari na tunachotafuta

Lori ni la dizeli lenye turbo, umeme wa volti 12, giaboksi otomatiki ya gia 6. Tela lina ekseli mbili na kilo 4,500 likijaa. Geji ya joto la giaboksi ipo kwenye dashibodi tangu kiwandani, ila geji za namna hii kwenye magari mengi zimetengenezwa mshale utulie katikati hata joto likipanda na kushuka sana. Mshale ukianza kusogea, mafuta yameshateseka muda mrefu. Tunataka namba halisi kwa Selsiasi, zihifadhiwe kwenye kadi, na zitoke sehemu zaidi ya moja.

Hilo la sehemu zaidi ya moja ndilo lililobeba mradi mzima. Wengi hufunga sensa moja kwenye sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) na kuridhika. Lakini joto kubwa halizaliwi kwenye sampu, wala kwenye meno ya gia. Linazaliwa ndani ya konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi), pale upande wa injini unapozunguka haraka kuliko upande wa giaboksi na mafuta yakasukwa katikati. Injini ikitoa kilowati 100 na asilimia 10 ikipotea kwenye kuteleza kwa konvata, kilowati 10 zimeingia kwenye mafuta. Yakipita humo kwa lita 10 kwa dakika, yanatoka na joto la nyuzi 35 hivi zaidi ya lile yaliloingia nalo. Klachi ya konvata ikifunga, pande hizo mbili zinazunguka pamoja, kuteleza kunakwisha na chanzo hicho kinazimika karibu chote.

Kwa hiyo bomba linalotoka konvata kwenda kwenye kipoza linaeleza kinachotokea sasa hivi. Sampu inaeleza kilichokwisha kujikusanya. Bomba la kurudi linaeleza kama kipoza kinafanya kazi. Tunafunga sensa tatu.

Sensa na risista yake

Tumechagua sensa za NTC za kiloomu 10 (kwa nyuzi 25, beta 3950, yaani namba inayoeleza ukinzani unavyobadilika na joto), zilizo ndani ya ganda la shaba nyeupe lenye uzi wa 1/8 NPT, zenye waya mbili kila moja. Sensa ya kidijiti DS18B20 ni rahisi kufunga na haihitaji hesabu, lakini mwisho wake ni nyuzi 125, na bomba la kutokea linavuka hapo bila shida. Thamokapo ya aina K inafaa kwa eksozi. Kwa mafuta inaongeza kikuza mawimbi na usumbufu bila faida.

Sensa ya NTC hupunguza ukinzani kadiri inavyopata joto. Kwa hesabu ya beta, hii yetu ina omu 1,270 kwa nyuzi 80, omu 697 kwa 100, omu 407 kwa 120 na omu 250 kwa 140. Hapa ndipo saketi nyingi za mtandaoni zinapokosea: zinaweka risista ya kiloomu 10 juu ya sensa kwa sababu tu sensa nayo ni ya kiloomu 10. Ukitumia volti 3.3 kwa mpangilio huo, kati ya nyuzi 100 na 120 volti inasogea 0.09 tu, na kelele za umeme wa gari zinaimeza. Weka risista ya kiloomu 1, na pengo hilohilo linakuwa volti 0.40, yaani milivolti 20 kwa kila nyuzi. Usahihi wa upande wa baridi unapungua, lakini hakuna anayehitaji kujua kama mafuta yako nyuzi 12 au 13. Chagua risista za asilimia 0.1, au pima kila moja kwa mita na uandike thamani yake halisi kwenye programu.

Kusoma volti tumeiachia ADS1115 (chipu ya kugeuza volti kuwa namba), si pini za ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha mradi), kwa kuwa kisomaji cha ndani cha ESP32 hakinyooki na kinayumba redio ya Wi-Fi ikiwaka. Kwenye kipimo cha volti 4.096 kila hatua ya ADS1115 ni milivolti 0.125, hivyo nyuzi moja ni hatua kama 160. Njia tatu zinasoma sensa. Ya nne inasoma ile volti 3.3 yenyewe. Hesabu inafanywa kwa uwiano wa hizo mbili, ili volti ya chanzo ikishuka kidogo joto lisionekane limebadilika.

Beta ni makadirio, na ikifika nyuzi 100 inaweza kukosea nyuzi moja au mbili. Tulizitumbukiza sensa zote tatu pamoja kwenye maji yanayochemka (kumbuka kutoa nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi za mwinuko kutoka usawa wa bahari), kisha kwenye kopo la mafuta ya gia yaliyopashwa hadi 120 juu ya jiko la umeme, kando ya kipimajoto cha kuaminika. Usitumie moto wa wazi kwa hatua hii. Marekebisho ya kila sensa yakaingia kwenye programu kwa jina lake, na sensa ikapigwa alama ya rangi isije ikabadilishana na mwenzake.

Sampu

Bati la sampu lina unene wa milimita chache tu, na uzi wa NPT ni wa mchongoko. Ukikata uzi moja kwa moja kwenye bati utapata mizunguko miwili ya kushikilia, na itavuja. Dawa ni kuchomelea nati nene yenye uzi wa 1/8 NPT. Sampu ya alumini yenye kifundo kinene inaweza kutobolewa kwa biti ya milimita 8.5 na kukatwa uzi palepale.

Mahali pa kutoboa pana uzito kuliko kazi ya kuchomelea. Sensa ikae upande wa nyuma, kwa sababu lori likipanda mlima mafuta yanarudi nyuma na sensa ya mbele inaweza kubaki kwenye hewa na povu. Isiwe upande wa bomba la eksozi. Isiwe sehemu ya chini kabisa ambayo jiwe litaigonga. Kabla ya kutoboa, weka kipande cha udongo laini wa kuchezea ndani ya sampu, irudishe mahali pake, ishushe tena na uangalie filta na bodi ya valvu zimeacha nafasi gani. Ncha ya sensa ibaki na angalau milimita 10 kutoka chochote. Vumbi la chuma lisafishwe lote, na sumaku ya sampu ifutwe. Ukungu mweusi kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na hapo mradi wa kupima joto unasubiri giaboksi ifunguliwe kwanza.

Uzi umepakwa gundi ya kuziba, si tepu ya plastiki. Nyuzi za tepu zikikatika zinaingia kwenye mafuta na kwenda kukwama kwenye solenoidi (valvu za umeme). Acha mizunguko miwili ya kwanza ya uzi bila gundi. Kaza kwa mkono, kisha mizunguko miwili hivi kwa spana. Usilazimishe, kwa sababu uzi wa mchongoko unapasua nati.

Baada ya kujaza, kiwango kimepimwa kwa joto lililoandikwa na mtengenezaji, injini ikiunguruma. Mafuta yakizidi, gia zinayapiga yakatoka povu, na povu halibebi joto wala halishikilii presha. Sensa itaonyesha joto limepanda, na mtu atalaumu kipoza.

Mabomba mawili

Kwanza ilibidi kujua lipi ni la kutokea. Michoro ya vitabu inasaidia, lakini uhakika ni huu: washa gari la baridi, weka mkono karibu na mabomba yote mawili, linalopata joto kwanza ndilo la kutokea. Fanya hivyo ndani ya dakika chache za mwanzo, kabla halijaunguza.

Kiungio cha T kimefungwa mafuta yakipita moja kwa moja na sensa ikiingia kutoka ubavuni, ncha yake ikiwa katikati ya mkondo. Sensa ikifungwa kwenye tundu la kupimia presha, mafuta ya humo hayatembei, na usomaji unachelewa kiasi kwamba faida yote ya bomba la kutokea inapotea. Tundu la ndani la kiungio lisiwe dogo kuliko bomba. Kila mahali penye mpira tumetumia mpira wa mafuta ya giaboksi. Mpira wa mafuta ya dizeli unafanana nao kwa macho lakini haukutengenezwa kwa joto la nyuzi 130 na utapasuka siku ambayo hutaki.

Njia ya mafuta ni hii: giaboksi, kipoza kilicho ndani ya rejeta, kipoza cha hewa mbele ya rejeta, kisha kurudi. Mpangilio huu ni wa makusudi. Kipoza cha rejeta hakiwezi kushusha mafuta chini ya joto la maji ya injini, ambalo liko kama nyuzi 90, lakini kinaondoa kilele cha joto haraka. Cha hewa kinamalizia. Ukigeuza, mafuta yaliyopozwa na hewa yanapita tena kwenye maji ya moto na kazi ya kipoza cha hewa inapotea.

Wakati rejeta imefunguliwa tulichunguza rangi ya mafuta. Mafuta yenye povu la waridi kama maziwa yana maji ya rejeta ndani yake: ukuta wa kipoza umetoboka. Hiyo inaua bamba za klachi kwa kuwa gundi inayoshika bitana inalegea, na hakuna geji ya joto itakayokuonya.

Umeme

Waya mbili kwa kila sensa, si moja. Katika kufunga kwa majaribio, sensa ya sampu ilirudisha umeme kupitia chuma cha giaboksi, na usomaji ukaruka nyuzi 6 kila taa kubwa na feni ya kabini zilipowashwa pamoja. Sababu ni ndogo: mkondo wa taa ukipita kwenye chuma kilekile unaacha tofauti ya volti 0.12 kati ya giaboksi na bodi, na kwa milivolti 20 kwa nyuzi hizo ni nyuzi 6 kamili. Waya wa pili uliporudishwa moja kwa moja kwenye saketi, kuruka kukakoma.

Chanzo kimetoka kwenye fyuzi inayowaka na swichi, kikapitia fyuzi ya ampea 1, dayodi ya ulinzi SMBJ24A, kisha kishusha volti LM2596 hadi volti 5. Uchaguzi wa dayodi si wa kubahatisha. SMBJ24A inakata mawimbi makali kwenye volti 38.9, na LM2596 inastahimili 40. Kwa lori la volti 24 tumia SMBJ33A, ambayo inakata kwenye 53.3, pamoja na LM2596HV inayostahimili 60. LM2596 ya kawaida itakufa altaneta itakapotupa volti ya juu.

Waya zimepita mbali na eksozi kwa sentimita 15 au zaidi, ndani ya kinga ya joto. Kwenye dizeli yenye chujio la masizi jambo hili si la hiari: chujio likijisafisha, gesi zake zinafika nyuzi 600 hivi, na waya ambao ulikuwa salama wiki nzima unayeyuka kwa safari moja. Viungio vya pini za kusukuma vinavyokuja na bodi za majaribio vimetupwa vyote, mtikisiko unavilegeza. Tumetumia viungio vilivyobanwa kwa koleo na kuzibwa kwa mpira.

Namba za kompyuta ya gari

Joto la mafuta ya giaboksi halimo kwenye orodha ya kawaida ya OBD-II (mfumo wa kuichunguza kompyuta ya gari). Kila mtengenezaji ana ombi lake la mfumo wa 22 (maombi ya data za mtengenezaji mwenyewe). Kwenye magari mengi ya GM ni 221940, ambapo baiti moja inatolewa 40 kupata Selsiasi. Kwenye Ford nyingi ni 221E1C, baiti mbili zikigawanywa kwa 16. Thibitisha kwa gari lako kabla ya kuamini.

Malori makubwa yanayotumia J1939 (mtandao wa data wa magari makubwa) hayahitaji kuulizwa, yanatangaza yenyewe. Ujumbe ni PGN 65272 (PGN ni namba ya aina ya ujumbe), na joto liko baiti ya 5 na ya 6, ndogo kwanza: zidisha namba kwa 0.03125, toa 273. Ukiona A0 2E, hiyo ni 11,936, yaani nyuzi 100. FF FF maana yake sensa haipo.

Sisi tunazichukua namba hizi kwa kulinganisha, si badala ya sensa. Muhimu zaidi tunachukua mizunguko ya injini na ya shafti ya turbini ya konvata, yaani upande wa giaboksi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kuteleza, na inaandikwa kwenye kadi sambamba na joto, mara 4 kwa sekunde, kila usomaji ukiwa ni wa kati katika tano. Kadi inasukumiwa data kila sekunde 5 ili faili lisiharibike swichi ikizimwa.

Ukaguzi wa baridi

Gari likilala usiku kucha, sensa zote tatu, sensa ya kiwandani na joto la maji ya injini vinapaswa kusoma karibu sawa kabla ya kuwasha. Zimekubaliana ndani ya nyuzi 2. Sensa isiyokubali kukaa na wenzake asubuhi haifai kuaminiwa mlimani.

Barabarani

Barabara tambarare, konvata imefunga, tela limejaa: sampu inatulia kati ya 82 na 88, bomba la kutokea liko nyuzi chache tu juu yake. Hapa sensa moja ingetosha.

Mlima mrefu unabadilisha kila kitu. Gia ya 5 ikiachiwa ipambane, kompyuta inafungua klachi ya konvata ili kuongeza nguvu, na ndani ya sekunde chache bomba la kutokea linaruka kutoka 95 kupita 120, huku sampu ikiwa bado inaonyesha 90. Ukishuka gia ya 4 kwa mkono na kuiacha injini izunguke zaidi, klachi inafunga tena, kuteleza kunarudi karibu na sifuri, na bomba la kutokea linaanza kushuka wakati lori bado linapanda. Kasi ni ileile, au pungufu kidogo. Kitufe cha kuvuta mzigo kinafanya sehemu kubwa ya kazi hii chenyewe, kwa kuchelewesha kupanda gia na kufunga konvata mapema.

Kilichozidi mlima kwa ukali ni kurudisha tela nyuma kwenye mwinuko. Gia ya kurudi haifungi konvata, lori linatambaa, hewa haipiti kwenye kipoza, feni haijashika. Bomba la kutokea lilipita 130 na sampu ilikuwa haijafika 95. Mtu mwenye sensa ya sampu pekee angeendelea kusukuma akiamini hali ni shwari, na joto lingemfikia dakika chache baadaye akiwa ameshaegesha na kuzima injini, mafuta yamesimama ndani ya konvata ya moto.

Baada ya kazi hiyo usizime. Weka N, injini iwe kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,200, dakika mbili au tatu, mpaka bomba la kutokea likaribiane na sampu. N, si P: giaboksi za zamani za Dodge kama 47RE hazipitishi mafuta kwenye kipoza zikiwa P.

Bomba la kurudi nalo limeanza kuzungumza. Kutokea na kurudi zikiwa zote juu na tofauti yake ndogo, mafuta yanatembea lakini hewa haipo: feni, matope kwenye mapezi, au mwendo mdogo. Tofauti ikiwa kubwa na sampu bado inapanda, kipoza kinapoza vizuri mafuta machache: kuna kizuizi kwenye bomba, filta iliyoziba au pampu iliyochoka.

Viwango vya kengele

ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) inaishi vizuri kati ya 80 na 95 kwenye sampu. Kipimo cha mafundi cha miaka mingi ni kwamba kila nyuzi 11 juu ya 80 zinakata umri wa mafuta nusu. Ni kadirio, na mafuta ya sintetiki yanavumilia zaidi, lakini mwelekeo ni sahihi. Karibu na 120 utando wa vanishi unaanza kujijenga kwenye valvu. Kupita 130 mipira ya sili inakauka. Huko 145 na zaidi klachi zenyewe zinaanza kuteleza, na kuteleza kunazaa joto jingine.

Kwa sampu, taa ya njano inawaka 110 na nyekundu 120. Kwa bomba la kutokea, njano inawaka likikaa juu ya 130 kwa sekunde 30, nyekundu papo hapo likifika 150. Kila taa inazimika baada ya kushuka nyuzi 3 chini ya kiwango chake, vinginevyo inawaka na kuzima bila kukoma. Kengele inayosaidia kuliko zote haitazami kiwango kabisa: bomba la kutokea likipanda zaidi ya nyuzi 1 kwa sekunde kwa sekunde 5 mfululizo, baza inalia mara moja. Maana yake konvata imefunguka chini ya mzigo, na dereva anashuka gia moja kabla sampu haijagundua chochote.

Yaliyobaki

Viungio vyote vinakaguliwa kwa kitambaa cheupe baada ya kupanda na kushuka joto mara kadhaa. T ya kurudi inatoka jasho kidogo na itafunguliwa, isafishwe na kupakwa gundi upya. Feni ya umeme kwa kipoza cha hewa itafungwa, iwashwe na bomba la kurudi likifika 95 mwendo ukiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, kwa ajili ya kurudisha tela. Kipoza kikubwa zaidi hakinunuliwi kwa sasa. Data ya milima inaonyesha kilichopo kinarudisha mafuta chini ya 90 kila konvata inapofunga, kwa hiyo kitakachoguswa kabla yake ni programu ya kubadili gia, ifunge klachi ya konvata mapema kwenye gia ya 4 tela likiwa limeunganishwa.